Joho Lililoandikwa Pamoja na Wanyama

Nisikilizeni, wanangu, na anayeona nitamchelewesha aende akakae garini, maana sitayasema haya mara mbili. Callixte, washa simu yako inase sauti, kisha iweke hapa kwenye mto ninapoiona; si kwamba sikuamini, ndugu yangu, lakini simu ya mfukoni huzimika yenyewe, na baadaye hapatikani aliyeizima. Kiprop, funga mlango, ukae pale kwenye kiti cha plastiki mbele ya dirisha nikuone uso. Chebet, wewe uliyetoka Houston alfajiri, kaa hapa miguuni pangu. Na wewe Kagendo, mkaza mwanangu, tafuta pa kukaa, mwezi wa nne utakapojifungua hauko mbali na tumbo limekuwa zito, lakini acha kupangapanga hizo dawa. Nesi alizipanga kabla hajaondoka, na nilizihesabu.

Mimi Absalom, mtu wa Nandi, nasema nikiwa na akili zangu zote, Jumamosi mchana, katika nyumba yangu hapa Mesquite, Texas. Mafigo yamekataa kazi. Daktari amesema wiki mbili, na kwa vile madaktari hupenda kumtia mtu moyo, mimi nahesabu siku nne. Sikumtaka wakili, kwa sababu mawakili wa huku huandika mengi ili mwenye haraka asisome. Nyumba hii na kile kishamba cha nyumbani tutavifikia. Kwanza kuna jambo ambalo limeninyima raha tangu mwezi wa kumi na moja, na nitalitaja mbele ya Callixte ambaye si wa damu yetu, ili kesho msije mkasema mzee alikuwa amelewa dawa. Mmoja wenu humu chumbani ameniibia.

Mnajua nilifanya kazi gani, lakini hamjui kazi ile ilinifanya nini. Miaka ishirini na miwili nilikuwa mbebaji katika ghala la kampuni ya minada kule Dallas, mimi na Callixte huyu wa Burundi, tumevaa glavu nyeupe, tukifungua masanduku ya watu waliokufa, na si watu kama sisi: malodi wa Uingereza, makabaila wa Ujerumani, na matajiri wa mafuta wa hapa Texas waliokuwa wakinunua vya malodi ili nao waonekane wana mababu. Watu hao walikuwa na vyumba vizima vya maajabu, vipepeo waliodungwa sindano, mayai ya ndege ambao hawapo tena duniani, mwana-kondoo wa vichwa viwili ndani ya chupa, pembe ya nyangumi ambayo mtu na akili zake alikuwa ameinunua akiambiwa ni ya farasi. Na kila kitu kilikuwa na namba yake, na kila namba maneno yake ndani ya katalogi, kile kitabu cha mnada ambacho wakubwa wa kampuni walikishika kwa heshima kuliko mnavyoshika Biblia.

Siku moja tulifungua sanduku tukakuta nguva. Mkia wa samaki, kifua na kichwa cha tumbili, vimeshonwa kwa uzi mwembamba hata Callixte akafanya ishara ya msalaba. Nikaenda kusoma katalogi, ikasema: nguva, yasemekana alitoka bahari za mashariki. Yasemekana. Hapo ndipo nilipoielewa kazi, kwamba aliyeandika hakusema uongo, na bado hakuna aliyeambiwa ukweli. Wakiandika mali ya muungwana mmoja, ujue huyo muungwana hataki majirani wajue ameishiwa. Wakiandika kiko katika hali nzuri kwa umri wake, tafuta ufa. Na wakinyamaza kabisa kuhusu jinsi kitu kilivyopatikana, basi kilipatikana kwa bunduki.

Nikazoea kuwasikiliza watu wote hivyo, na Mungu anisamehe, hata ninyi. Kiprop akinipigia simu kutoka Irving aseme alitaka tu kujua nimeamkaje, mimi nalisikia lile neno 'tu', na najiuliza limefunika nini. Kagendo akileta chapati bila kuombwa, nauliza kwa nini leo. Pasta alikuja kuniombea, akatazama dari akasema nyumba hii ina nafasi, nikajua maombi yameisha. Mama yenu, Mungu amlaze pema, alikuwa akiniambia kwamba nitakufa nikimshuku malaika aliyekuja kunichukua. Huenda. Akija nitamwomba kitambulisho.

Sasa, chini ya kitanda hiki kuna sanduku la bati, na ndani yake kulikuwa na katalogi arobaini. Thelathini na tisa kampuni ilizitupa ilipohamisha ofisi, mimi na Callixte tukaziokota mvua isizinyeshee. Moja haikutupwa. Kaeni vizuri, maana hii sijawahi kuisema kwa mtu, na hapa aijuaye ni Callixte peke yake, kwa kuwa alikuwepo.

Kwetu, zamani za wazee, mtu aliyefikia kukaa na wazee wenzake alivaa joho la ngozi za pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, ngozi nyingi zimeunganishwa kwa mkono wa mke wake. Siku ya kubariki watoto alilivaa, akajaza mdomoni mursik, maziwa yetu ya kuchachishwa kibuyuni, akawanyunyizia, na nyumbani kwetu tuliamini kwamba bila joho baraka haishiki. Baba wa babu yangu, Kimengich, alikuwa nalo. Wazungu walipokuja na vita, ofisa wao mmoja alimvua joho lile mbele ya watoto wake, wala si kwa baridi, bali kwa kulitamani. Nyanya yangu alikuwa bibi arusi mchanga mwaka huo na aliona kwa macho yake. Ni yeye aliyetufundisha alama yake: bega la kushoto liliwahi kuungua, likatiwa kiraka cha ngozi ya mbuzi mweusi. Tangu siku ile hakuna mzee wa nyumba yetu aliyembariki mtoto. Babu hakumbariki baba, na baba hakunibariki mimi.

Basi mwaka wa elfu mbili na kumi na moja likaja ghalani sanduku la tajiri mmoja wa mafuta aliyefariki, tukalifungua, nikainua karatasi, na bega la kushoto likanitazama. Nilivua glavu, jambo ambalo lingenifukuzisha kazi, nikakipapasa kile kiraka. Callixte akaniuliza kama naumwa. Pembeni ya joho palikuwa na kitabu chake, katalogi ya mnada wa London wa mwaka wa thelathini na moja, walipokuwa wanauza mali za lodi aliyekufa na madeni. Fungu namba mia mbili na kumi na nne. Limewekwa baada ya dubu aliyejazwa majani na kabla ya mayai ya mbuni, na nayajua maneno yake kwa moyo: ngozi za pimbi, kumi na tisa, zimeshonwa pamoja, za mzee wa Nandi aitwaye Kimengich, kasoro, kiraka cha mbuzi begani. Kazi ya mikono ya mama yetu, mke wa Kimengich, waliiandika kasoro, na jina la mwanamume aliyetuzaa sote lilikaa katikati ya dubu na mayai.

Ilinipasa kusema siku ile ile, nikaufyata. Karatasi zangu za uraia zilikuwa bado mezani kwa watu, na msimamizi wetu hakuwa mtu wa kuambiwa kwamba mzigo huu ni wa babu yangu. Joho likauzwa kwa mzee tajiri wa Houston, na waliotumwa kulipeleka ni mimi na Callixte. Tulilibeba hadi ndani, tukalitundika ukutani pale alipoelekeza, akatupa soda. Lakini kitabu hakikufika. Katika biashara ile kitu na kitabu chake havitenganishwi, maana kitu kisicho na kitabu ni sawa na mtoto aliyeokotwa, hakuna anayejua ni wa nani. Mimi nilikitoa kwenye sanduku nikakifunga tumboni chini ya shati. Nilijiambia hivi: bila kitabu hataweza kuliuza, litabaki ukutani pale pale, na siku nikipata karatasi zangu nitabisha hodi nimwonyeshe jina na kumwambia huyu ni wangu.

Uraia niliupata miaka minne baadaye. Sikwenda. Mwanzo nilijiambia nitulie kwanza, kisha nikaona aibu ya kuwa nimechelewa, na kila mwaka aibu iliongezeka kidogo mpaka ikawa ndiyo sababu yenyewe. Na Kiprop alipooa, wakwe wametoka Meru kwa ndege, kanisa la pale Irving limejaa, wakaniita mbele nibariki, mimi nikakaa kitini nikatazama viatu vyangu. Watu wakadhani nimemkataa Kagendo. Sikukukataa, mama. Nilikosa joho, na ninajua sasa ilivyosikika, maana joho lilikuwa umbali wa saa nne kwa gari na kitabu kilikuwa chini ya kitanda changu. Mmekaa miaka tisa mkingoja mtoto, na kila mwaka nilijiuliza kama ni mimi.

Sasa nije kwenye wizi. Mwezi wa kumi alinipigia mtu wa Houston, anasema hununua katalogi za zamani, anauliza kama ninayo ya lodi fulani. Nani alimpa namba yangu? Nikakata simu. Siku ya Thanksgiving, ile sikukuu ya huku ya kushukuru, mlikuwa wote hapa, na Kiprop alilala sakafuni chumbani humu, eti niamke usiku akinisikia. Wiki iliyofuata nikamwomba nesi alivute sanduku, nikahesabu, thelathini na tisa. Jumapili ile ile nikamwona Kiprop kwa dirisha hili akiongea na simu uani, na aliponiona akageuka akashusha sauti. Tangu hapo anakuja kila jioni akitoka kwenye mizigo ya uwanja wa ndege, hajabadilisha hata nguo za kazi, anachota maji ya vuguvugu, ananiosha miguu, ananikata kucha, na hanitazami machoni. Nimefungua masanduku ya kutosha kujua kitu kinachofungwa kwa uangalifu mwingi kina ufa mahali. Mtoto hamwoshi baba yake miguu miezi mitatu mfululizo kimya kimya kama hana jambo rohoni.

Kwa hiyo wosia wangu ndio huu. Nyumba hii ni ya Chebet. Kishamba cha nyumbani ni cha Chebet. Kiprop, huna fungu kwangu, na udongo wa kwanza kaburini pangu usiutie wewe. Na huyo mtoto aliye tumboni, kama ni mvulana, asiitwe kwa jina langu, maana sitaki jina langu likae katika nyumba iliyouza jina la Kimengich kwa mchuuzi wa vitabu. Unasikia? Mbona hujitetei? Mtu aliyesingiziwa huruka. Wewe umekaa tu unatazama mikono yako.

Nini, Chebet? Usinishike mguu, sema. Futa machozi kwanza, sema kwa sauti, simu inase.

Rudia.

Amesema, "Baba, kitabu nilikichukua mimi." Callixte, umesikia. Endelea, mwanangu, sikukatizi.

Unasema uliniona mwaka jana nimelala na kitabu kifuani, ukakisoma, ukaona jina. Unasema ulimbana Callixte mpaka akakueleza joho liko kwa nani. Callixte, wewe na mimi tutaongea. Na yule mchuuzi wa vitabu ulimuuliza wewe habari za katalogi ile, naye akanitafuta kwa tamaa yake. Sawa. Unasema ulitaka kuniletea joho kabla sijafa, uje unifunike nalo kitandani hapa, niwabariki, ndiyo maana ulikichukua bila kuniambia, ukatoka kazini na sare zako za unesi ukaenda kubisha kwenye ile nyumba. Kwa nini sikukuelewa, Chebet, nilikuwa nimekuhesabu wewe tu kuwa msafi, na kumbe msafi wangu ndiye mwizi, na wizi wenyewe ni huu. Haya, ukabisha. Nani akafungua?

Binti yake. Yule mzee alikufa mwaka juzi. Binti akakukaribisha, mama mpole, akakupa chai. Ukamweleza joho.

Sema tu. Nimeshafungua masanduku mabaya kuliko hilo.

Walimwita mthamini. Mthamini akauliza kitabu chake kiko wapi, kwa sababu aliona limeshonwa kwa ustadi akadhani lina historia. Wakapekua nyumba nzima, kabati kwa kabati, siku mbili, hawakukiona. Basi akaandika ngozi za wanyama, chanzo hakijulikani, zimeliwa na wadudu. Wakalitoa nje pamoja na mazulia ya zamani, na lori la taka likapita Alhamisi. Na ulipomwekea kitabu mezani, ukamfungulia ukurasa, yule mama alisema nini? Maneno yake mwenyewe, usiyapunguze.

"Tungekuwa na hiki, tusingelitupa."

Nipeni maji. Kagendo, nipe wewe. Asante, mama. Iache simu, Callixte, usiiguse, inase na hili.

Basi sikilizeni, na hesabu hii naifanya mwenyewe. Ofisa alilivua, akalitunza. Lodi alilitunza. Tajiri wa mafuta alilitunza, na yule wa Houston alilitundika mahali pasipo jua ili nywele zisififie, niliona mwenyewe. Watu wanne waliotukosea wamelitunza miaka zaidi ya mia. Aliyelitupa ni kitukuu wa Kimengich. Nililiacha bila jina kule ukutani, na jina nikalilalia hapa. Inaniuma, wanangu, inaniuma kuliko hizi figo, na sitaki nesi aniongezee dawa kwa ajili ya hili.

Kiprop. Kumbe simu ya uani ilikuwa ya dada yako, analia njiani kutoka kwenye nyumba ile. Mkakubaliana nisiambiwe. Na tangu siku hiyo nimekuita mwizi kwa macho, nimekuita kwa mdomo, nimehesabu vijiko mbele ya mke wako ukiondoka, na wewe ulikuwa unajua mwizi ni nani, na bado ukawa unachota maji. Kwa nini hukusema?

Sema, mwanangu, leo nakusikiliza bila kutafuta ufa.

Amesema, "Ni afadhali unishuku mimi, Mzee, kuliko ujue."

Ngojeni. Ngojeni kidogo, pumzi imekuwa fupi.

Nimekukosea, Kiprop. Nasema mbele ya mke wako, mbele ya dada yako, na mbele ya mtu wa Burundi asiye na sababu ya kunipendelea. Nilikukosea kanisani miaka tisa iliyopita na nimekukosea tena leo, katika chumba hiki, nikiwa na akili zangu zote kama nilivyojigamba. Sikupenda kujua ukweli kama nilivyodhani. Nilipenda kuwa mtu asiyedanganyika. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, nitaelewa, nami sitasema umekataa kwa sababu fulani.

Yale niliyosema mwanzo nayafuta. Nyumba ni yenu wawili, mkae ama muiuze, lakini mkubaliane mkitazamana. Kishamba cha nyumbani nacho ni chenu wote, kisikatwe vipande. Katalogi thelathini na tisa mpeni Callixte, alizibeba kwenye mvua pamoja nami, na hasira yangu juu yake imeisha. Kile kitabu msikiuze, hata yule mchuuzi akija na maua. Wala msikitie jenezani, nimekificha vya kutosha. Kipelekeni Nandi, kisomwe mbele ya wazee, ukurasa ule wote, dubu na mayai na Kimengich, kisha mseme joho liko wapi na ni nani aliyesababisha. Mnitaje kwa jina. Msiseme yasemekana.

Mnizike nyumbani ikiwezekana. Ikishindikana, hapa Mesquite panatosha, udongo wa hapa haujanikosea. Udongo wa kwanza utie wewe, Kiprop. Na mtoto mpeni jina mpendalo, Kagendo ndiye aliyebeba, aulizwe kwanza.

Sasa joho. Halipo, na halitakuwepo. Niko na blanketi hili walilonipa wale wa huduma ya wagonjwa, limeandikwa namba pembeni. Chebet, kwenye friji mna maziwa ya dukani. Si mursik, najua. Lete hayo hayo.

Midomo imekauka... siwezi kunyunyiza. Chovya kidole, Chebet, unipake mimi mdomoni, halafu... ndiyo. Sijui maneno yake, wanangu. Hakuna aliyenisemea, kwa hiyo sikujifunza. Nitasema yangu.

Mungu awape watoto. Awape kuaminiana... mapema, si kama mimi. Kagendo, usiogope, sogea. Mwezi wa nne ukupitie salama. Chebet, binti yangu, mikono yako imponye kila inayemshika. Kiprop, piga magoti hapa karibu. Mkono hauinuki... uinue wewe. Uweke kichwani pako mwenyewe. Hapo. Wewe ni mwanangu, na nimekubariki.

Usiuondoe, Kiprop. Bado. Usiuondoe.